Herufi Moja

Alhamisi usiku, Al-Khodh, nje ya kafeteria ya Kunjumon,
magari manne yameelekezana pua kama ng'ombe horini,
injini zinanguruma kwa ajili ya kiyoyozi tu,
na Julai imetufunika blanketi lililolowa.
Mundhir kafungua milango yake yote minne
ili wimbo utoke.

Radi Kavu wametoa wimbo.
Miaka kumi na tisa kimya, halafu huu,
dakika nne na kidogo.

"Hawa si wao," anasema Mundhir,
kakasirika kama mtu aliyeuziwa tende za mwaka juzi.
"Gitaa liko wapi? Lile la kukwaruza,
lililomfanya jirani wa ghala lao kule Wadi Kabir
aite polisi mara mbili usiku mmoja?
Wamepaka samli hapa. Wametia fidla, yakhe! Fidla!"

Zuwena hajashuka garini. Anajibu kupitia dirishani,
ushungi umemporomoka na hajali:
"Na goti lako wewe liko wapi?
Lile la kurukia jukwaani?
Watu wana miaka sitini na tano.
Waache waimbe umri wao."

Yaarub, fundi wa simu, hana la goti wala la fidla.
Ngoma hii ni ya mashine, anasema,
sikilizeni, haikosei popote.
Marehemu Shibu alikuwa akikosea pale pale kila siku,
kabla ya kiitikio, anachelewa nusu pumzi,
na hapo ndipo tulipokuwa tukiruka.

Tunanyamaza.
Nusu pumzi, pengine zaidi.

Halafu unakuja ule mstari, na ugomvi wenyewe unaanza.

"Nimeacha nyumba," anaimba Suudi.
"Nyuma," anasema Zuwena. "Nimeacha nyuma."
"Nyumba!"
"Nyuma. Tangu kanda ya kwanza hajataja nyumba hata siku moja."
Rudisha. Wanarudisha. Rudisha tena.
Mzee meno ya mbele hana siku hizi,
b yake inapita kama paka mlangoni,
huna hakika kama umeiona.

Mundhir anapiga boneti kwa kiganja:
nyumba, ile ya Miembeni, ghorofa mbili,
baba yake Suudi alifunga mlango akaondoka na ufunguo mfukoni,
nani asiyejua?
Na Zuwena, polepole, kama anayemhesabia mtu chenji:
"Nyuma ni kubwa kuliko nyumba.
Nyuma ina hiyo nyumba ndani yake,
na jirani, na yule aliyebaki akafagia ukumbi."

Kunjumon anakuja kukusanya vikombe.
Miaka ishirini anatuuzia karaki,
Kiswahili chetu amekiokota chini ya meza kama sarafu.
Anasikiliza, kainamisha kichwa.
"Si nyumbu?" anauliza.
Tunacheka mpaka dishdasha ya Yaarub inapata ramani ya chai.

Mwanangu Azzan, kiti cha nyuma, miaka kumi na sita,
Kiswahili chake ni cha kusikia, si cha kusema,
anachomoa kidude cha sikio moja
na kuuliza kwa Kiarabu: tofauti yake ni nini?
Wote wananitazama mimi.
Herufi moja, namwambia.
Anarudisha kidude.

Saa nane tukaondoka, hakuna aliyeshinda,
Mundhir kasahau kulipa, kama kawaida ya walioudhika.

Jumamosi nikamwona Suudi mwenyewe,
soko la mboga Mabela, amevaa ndara,
anabonyeza vitunguu kimoja kimoja
kwa vidole vilevile.
Nilisimama karibu kiasi cha kusikia anavyopumua.
Swali lilikuwa mdomoni, limeshavaa viatu.
Nikamuuliza vitunguu bei gani.

"Baisa mia tatu," akasema. "Bora vile vya jana, baisa mia mbili."

B zake zilitoka nzima, zote tatu,
duara kama vitunguu vyenyewe.
Nikanunua vya jana.

Mundhir sijamwambia.