Upande wa Jicho la Mbali

Miaka thelathini umefungua saa za watu pale Kibuye,
ukichomoa skrubu ndogo kama mbegu ya mchicha
kwa kibano, bila kupumua.
Mwaka huu skrubu zimegeuka ukungu.
Unanyoosha mkono, unanyoosha tena,
mkono umekwisha na herufi hazijafika.

Tukaenda Milimani. Daktari Jeruto akachora jicho
nyuma ya risiti yetu ya unga:
hapa ndani kuna lenzi, ilikuwa laini kama ugali wa moto,
sasa imepoa, imekaza. Hakuna aliyekosa.

Leza, akasema, hailainishi kilichopoa.
Inachonga kioo cha mbele tu.
Twaweza kuyagawia macho kazi:
la kulia lichunge mbali, la kushoto lisome karibu,
ubongo ujifunze kuamua ugomvi.
Au tuchonge yote mawili kwa miviringo,
kila jicho lipate kidogo cha huku, kidogo cha kule,
ingawa taa za usiku huenda zikaota ndevu.
Au tuitoe lenzi yenyewe, tutie ya kiwandani.
Au miwani.

Ukauliza bei. Ukauliza bei tena, polepole.
Miwani, ukasema, huteleza jasho likitoka,
na skrubu ikianguka haimngoji mtu apanguse vioo.

Akakuvisha lenzi nyepesi juu ya mboni ya kushoto,
uonje ndoa hiyo juma moja kabla ya kuchongwa.
Siku ya kwanza ukamimina chai nje ya kikombe.
Ya pili ukaruka mtaro usiokuwepo.
Ya nne ukaifungua saa ya dada yangu Apondi,
iliyosimama tangu mazishi,
nami huko jikoni nikaisikia ikianza kuhesabu,
nikazima jiko.

Usiku ule ukanitazama, kiganja kimoja kati yetu.
Ukafumba jicho hili, ukafumba lile,
ukacheka. Hukusema umeona nini.
Najua. Miaka mitatu ukungu wako ndio wanja wangu,
umenifukia makunyanzi bure, bila krimu.

Basi chagua, Baba Akumu. Uza hata pikipiki.
Ila ukiamua kuyagawa macho
niambie mapema,
nihamishe mto wangu:
nitalala kulia kwako,
upande wa jicho la mbali.