Kiti cha Nne, Kiti cha Tano

Tulitoka tumbo moja, mimi na Otha.
Yeye alinitangulia dakika kumi na moja
na hizo dakika hajanilipa mpaka leo.
Macon, Georgia, saa kumi na moja alfajiri,
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
tunapimwa kwenye mizani kama magunia ya karanga,
kisha mimi kiti cha nne, yeye cha tano,
na damu zetu zinatoka kwenda matembezini.

Damu nzito kuliko maji, husema watu.
Waje hapa waone mashine inavyozitenganisha:
kwangu kilo mbili na nusu za maji,
kwake nne, maana Jumapili alitazama mpira
na anaapa alimung'unya barafu tu.

Ugonjwa wetu ni mmoja, presha ya mama, sukari ya baba.
Daktari wetu mmoja, mwenye viatu visivyo na sauti.
Lakini mkono wa Otha una mshipa uliounganishwa,
umetuna kama mzizi uliopasua lami,
ukiugusa unavuma kama friji kuukuu.
Mimi niliambiwa: "Mishipa yako myembamba, mama,
tutaangalia baadaye."
Baadaye hiyo ina miaka miwili.
Mrija unaning'inia kifuani mwangu.
Naoga nusunusu, kama paka,
na mara mbili umeingiza vijidudu,
mara mbili nimetetemeka
hadi meno ya bandia yakadondoka.

Nilimwambia daktari nimechoka.
Akaandika: ana wasiwasi.
Otha hakumwambia lolote.
"Vipi, Bwana Lasseter?" "Niko sawa,"
hata siku ile misuli ilipomkaza akauma kofia yake.
Ni mimi niliyemkuta garini, injini imezimwa,
analia mdomo umefungwa.
Alitaja jina la mkewe, akataja kitanda,
kisha akawasha redio.
Sikumuuliza.
Kuna vyumba ambavyo hata pacha hapigi hodi.

Verlene humlowekea viazi usiku kucha,
humpikia bila chumvi, humhesabia vidonge.
Mimi natoka hapa kama nguo iliyokamuliwa
na wajukuu wako ngazini na mabegi yao ya shule:
"Bibi, leo tunakula nini?"
Viazi vyangu naloweka mwenyewe, nikikumbuka.

Mwezi wa pili, binti yangu Jonelle alipimwa
kwa ajili ya mjomba wake.
Ikafaa.
Nilimwombea, nilimfunga gauni la hospitali kwa nyuma,
kisha nikamuuliza, mimi je?
"Mama, wewe ulisema hutaki."
Nilisema? Labda nilisema.
Kilichotoka tumboni mwangu sikirudishi tumboni.
Lakini ningependa kuombwa nikatae
mbele ya watu, mara tatu,
kama mgeni anayesukuma sahani huku ana njaa.

Moyo una methali zake.
Maini hukatwa kwa maneno, nyongo hutumbukia.
Figo hakuna aliyeitungia kitu,
ilifanya kazi gizani bila kushukuriwa.
Naijua hali hiyo.

Otha alipiga simu usiku wa manane:
"Ozella! Nimekojoa!"
Tukacheka, mtu na dadaye, watu wazima wa miaka sitini na mbili,
hadi Verlene akamnyang'anya simu.
Nilipokata, nilikaa jikoni gizani kitambo.
Sikuwa na wivu. Au nilikuwa nao, mdogo,
kama chumvi ile ya kuiba.

Kiti cha tano sasa ana msichana wa miaka thelathini.
Mrija kifuani, kama wangu.
Ameambiwa baadaye.

Leo, kabla ya kuunganishwa, nilimshika daktari mkono wa koti:
"Jina langu liko kwenye orodha ya figo?"
Akafungua kompyuta. Akashuka, akapanda.
"Ngoja nitazame, Bibi Lasseter."
Tazama, nikamwambia.
Nina saa nne hapa.
Siendi popote.