Mabuti ya Kukodi

Gia ya tatu ilikataa pale Njiru,
tukielekea Tala na magunia mia moja na kumi
ya vitunguu vya Mang'ola mgongoni.
Tluway akazima injini, akajiingiza chini ya lori
kama mtu aliyefika kwake.
"Kipuri kitatoka Grogan," akasema, miguu tu ikionekana.
"Kazurure. Vitunguu havina pa kwenda."

Basi nikazurura.

Jiji limeifikia Njiru
kama maji ya mwisho ya mfereji:
limechoka, lina mchanga.
Na kuna nyundo. Tangu asubuhi, nyundo.
Watu wanakata mawe machimboni,
na kila kipigo kina mwangwi unaochelewa kidogo,
mtoto anayeitika akiwa bado anacheza.

Nikaingia kibandani nikasema, "Naomba chai."
Nyakio (jina liko kwenye chupa ya chai,
limeandikwa kwa rangi ya kucha)
akanipima toka kofia hadi kandambili.
"Hapa hatuombi. Tunanunua."
Wakata mawe wakacheka hadi vumbi likawadondoka nyusini.
Nami nikacheka, nikanunua,
kisha nikasema asante mara mbili, kwa ukaidi.

Mto uko nyuma ya maduka
kama jambo ambalo familia hailizungumzi.
Nikauliza jina lake. "Mto," wakasema.
Nikang'ang'ana. "Si Nairobi? Ndio huo wenyewe."
Niliwahi kusikia kwamba neno hilo, kwa Wamaasai,
ni maji ya baridi. Nikachovya kidole.
Vuguvugu.
Ulikuwa umebeba povu la nguo za watu nisiowajua,
mfuniko wa ndoo, limau zima,
ukapita bila kuniangalia.
Lakini kando yake zimepandwa nduma,
yale majani mapana yasiyokubali kulowa:
tone linakaa juu, linatetemeka, linaondoka kama lilivyokuja.
Nilisimama hapo muda mrefu kuliko niwezavyo kueleza.

Daraja la miguu lilikuwa chini ya maji, mvua ya juzi.
Musembi, miaka kumi na miwili hivi, anakodisha mabuti:
shilingi kumi unavuka,
ng'ambo dada yake Syombua anayapokea
na kuyavuta nyuma kwa kamba.
La kushoto lilikuwa la jitu, la kulia la mtu mwingine kabisa.
Nikavuka kama watu wawili waliogombana
wakalazimishwa kwenda pamoja.

Ng'ambo kulikuwa na kinyozi.
Sikuwa na haja ya kinyozi, nilikuwa na siku.
Umeme ukakatika nusu ya kichwa.
Tukangoja. Akaniuliza bei ya kitunguu huko shambani,
nikamwambia, akanyamaza
kama niliyemtajia mshahara wa baba yake.
Wapita njia walichungulia, wakanisalimia
kwa heshima anayopewa mgonjwa.
Mwishowe akamalizia kwa mkasi, kwa kubahatisha.

Niliporudi, mto ulikuwa umeshuka.
Mawe ya daraja yamejitokeza, yanakauka,
watu wanavuka na viatu vyao, bure.
Syombua ameshavuka, amelala kwenye gunia.
Musembi kayapanga mabuti wawili wawili,
mfanyabiashara aliyefungiwa duka na jua.
Nikatoa sarafu. "Chukua tu."
Akaitazama, hakuigusa.
"Kwani hapa tunapewa? Tunalipwa."

Basi nikarudi tena ng'ambo kwa viatu vyangu,
nikayavaa yale mabuti, la jitu na la mwenzake,
nikavuka mawe makavu, mchana kweupe,
hatua moja moja, mbele ya wanawake wenye ndoo
ambao walikaa chini ili wacheke vizuri.
Akapokea kumi yake. Akaikagua pande zote mbili.

Honi ya Tluway ililia magharibi ilipoingia.
Gia ya tatu ikaingia laini kama kisu kwenye siagi.
Tulipopita taa ya kwanza akanigeukia,
akakitazama kichwa changu, akarudi barabarani,
akakitazama tena.
"Nani kakufanyia hivyo?"

"Sikuomba," nikamwambia. "Nimenunua."