Sahani ya Namubiru

Kila Jumatatu, meli za mizigo zikiwa bado zimelala Port Bell,
Namubiru hushusha sahani majini.
Si ya wali. Robo nyeupe, robo nyeusi,
imefungwa kamba yenye mafundo,
nami nashika kasia, nisikoroge.

"Waiona?"
Naiona.
"Waiona?"
Naiona. Naiona. Hapana.
Fundo la tatu. Anaandika: sentimita thelathini.
Nikizamisha mkono hadi kiwiko
vidole nimeviaga.

Mama hudai sindano yake ya nyavu ilidondoka hapa gatini
akaiona chini, imelala mchangani, inameta,
akaizamia kabla kanga haijalowa yote.
Mama huongeza chumvi. Ziwa hili halina.
Lakini sindano ninayo.

Upande wa pili, mfereji wa Nakivubo
huingia bila kubisha hodi:
povu la Katwe, damu ya machinjio,
kandambili moja, daima ya kushoto,
na yale ambayo Kampala ikivuta maji chooni
hudhani imeshayazika.
Maji yamekuwa kijani,
si kijani cha majani ya ndizi,
ni cha rangi ya geti, bado mbichi,
huganda ubavuni mwa mtumbwi,
siku ya pili nakwangua kwa kisu.

Namubiru hajui kulalamika. Hutaja tu.
Sangara: mwili mkubwa, pumzi haba, alitangulia.
Nkejje, tangu mvua za Aprili, hata mmoja.
Sato hupanda juu alfajiri, midomo wazi,
kama kwaya iliyosahau beti la pili.

Kisha maji yakapasuka, *pwaa*,
kamongo akatoa pua, akavuta hewa yetu,
akarudi gizani bila haraka.
Kalamu ikasimama.
Yeye ni wa ukoo wa Mmamba; huyo hamli.
"Ndugu yangu," akasema. "Ana mapafu.
Haya maji hayamdai kitu."

Sikucheka. Nilikuwa natazama Ggaba,
ng'ambo ya ghuba hiihii,
mahali bomba linapoinama kunywa
kwa niaba yetu sote.

Akafunga chupa zake, kumi na mbili, kila moja na jina.
Akafungua chupa ya chai, akanimiminia.
"Maji umeteka wapi?"
"Bombani. Wapi kwingine?"

Ilikuwa ya moto, tangawizi nyingi.
Nilikinyanyua kikombe kwenye mwanga
nikakiinamisha hivi, na hivi.
Chini sikukuona.
Nikanywa.