Nimeona Kioo Tu

Iliingia saa nne asubuhi, simu ya Bi Yunisi,
imepasuka kona hadi kona
kama tope la bwawa la Hombolo mwezi wa kumi.
Iliangukia vigae, alisema, ofisini Mtumba.
"Kioo tu, fundi. Usiguse kingine."
Nikamtajia elfu arobaini na tano.
Hakuomba apunguziwe. Hapo nilipaswa kujua.

Kabla hajaondoka alinipa somo:
humo ndani kumefungwa,
maneno husagwa kabla hayajatoka,
husafiri unga, yakifika huwa punje tena,
na mwenye mashine mwenyewe hajui
kama amesaga uwele au mtama.
Nikaitikia. Ni kweli.
Mashine ni nzuri, sina ugomvi na mashine.

Lakini mimi nimekulia Mvumi, ndani ya tembe:
ukuta mnene, mlango wa kuinamia,
dirisha la kupitisha ngumi.
Hakuna aliyewahi kuona ndani ya chungu cha mama.
Moshi ndio uliosema.
Leo wamepika mapema. Leo wamepika mara mbili,
wana mgeni asiyetajwa.
Leo, siku ya tatu, hakuna moshi,
na jirani akaja na kibaba cha unga chini ya khanga
bila kuuliza lolote.
Moshi haukuwa na maneno. Ulitosha.
Mtoza kodi naye aliujua.

Basi nikabandika kioo kipya, nikabana skrubu,
nikawasha nione kama rangi zimekaa.
Upepo wa Majengo ulikuwa ukimwaga vumbi mezani,
nikakinga kwa kiganja.
Na chini ya kiganja, juu ya simu iliyofungwa,
ukadondoka mstari:

*Mizani ya zabibu wameirekebisha tena. Nina picha. Usimwambie hata*

Ukakatikia hapo, nafasi imekwisha.
Juu yake jina la mtumaji, la ubatizo hadi la ukoo.

Sikujua namba ya siri. Sikuvunja kitu.
Ule unga uliosagwa kwa hesabu
ambazo, wanasema, jua litazimika hazijafumbuliwa,
ulikuwa umefika salama, umekuwa punje,
na punje zimeanikwa
mbele yangu, mbele ya muuza vitunguu
na mwanawe wa darasa la kwanza
anayesoma kila kitu kwa sauti.
"Mi-za-ni," akasema.
Nikaigeuza simu kifudifudi.

Nilishinda na yale maneno tisa.
Baba mkwe ana ekari moja ya zabibu.
Msimu uliopita kreti zake zilikonda
zikiwa bado ndani ya gari.

Jioni akaja, akapangusa kioo kwa ncha ya mtandio.
"Umeona kitu?" Haniangalii.
"Nimeona kioo tu, mama."
Akahesabu noti. Akazihesabu tena.

Ningenyamaza hapo ningekuwa fundi mwema.
Nikasema: "Ngoja. Ingia kwenye mipangilio, kwenye arifa.
Hapo penye kuonyesha ujumbe, zima.
Kama uliwahi kuifungulia kwenye kompyuta ya ofisi, itoe.
Na ile nakala inayojihifadhi usiku wa manane huko mbali,
angalia kama nayo ina kufuli
au inalala mlango wazi.
Mwambie na mwenzako. Kufuli la watu wawili
hufungukia upande wa mzembe."

Kidole chake kikasimama hewani.
Mtu hapewi dawa ya ugonjwa asiouonyesha.
Alijua nimesoma. Nilijua amejua.
Mtoto wa vitunguu alikuwa akisoma gunia.

Akazima kimoja kimoja, polepole,
akaitumbukiza simu mkobani.
"Unalima zabibu?"
"Baba mkwe."
"Mwambie apime nyumbani kwanza."

Alisema kwa mdomo, ameshanigeuzia mgongo,
kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya vitunguu.