Kwanza Inipige Mimi

Lete upanga huo, Anselm. Sogea, siumi.
Jina umeshaandika, na mama yako ametia sahihi ndani ya gari
bila kuzima injini. Oktoba hapa Winnipeg
haimpi mtu nafasi ya mwandiko mzuri.

Nakwambia mapema: kila silaha inayoingia uwanja huu
hunipiga mimi kwanza.
Mgongoni, chini ya bega, kwa nguvu zako zote.
Usinionee huruma. Wiki nzima naendesha foklifti ghalani,
mgongo huu umeshazoea.

Piga.

Ah.

Umesikia? Sponji husema *pufu*, kama mto wa kulalia.
Huu wako umesema *ko*.
Ndani yake kuna mfupa unaotafuta mlango.

Najua. Wiki tatu kwenye chumba cha chini, gundi mpaka kwenye nyusi,
mpini umeuviringishia ngozi ya kochi la bibi yako.
Ni upanga mzuri kuliko wote niliouona mwaka huu
na leo hauchezi.

Usinune. Weka kidole gumba hapa nchani. Bonyeza.
Hilo ni bomba. Sponji imechoka kabla yako.

Kichwa hakipigwi. Shingo haipigwi.
Ukikatwa mguu, piga goti. Ukikatwa mkono, uweke mgongoni
kama mtu anayeficha zawadi.
Miwani hiyo ivue, kamwombe Thérèse ile yenye mpira.
Mshale wenye kichwa kidogo kuliko shimo la jicho siupitishi,
hata uniletee donati za moto.
Na ukisikia "Simama!", hata kama ulikuwa unashinda,
hata kama ndiyo mara yako ya kwanza kushinda kitu chochote,
simama.

Watu husema macho hayana pazia,
wakimaanisha huona hata yasiyoyahusu.
Mimi nikisema, namaanisha neno kwa neno:
hayana pazia.

Yule pale kwenye kiti cha kukunja, mwenye madumu ya maji,
ni Réal Chartrand. Mwite, atageuza kichwa chote,
maana upande wa kushoto haoni ila mwanga.

Upanga uliomwingia ulikuwa wangu.
Niliukagua mwenyewe. Mvua ilikuwa inavuka Mto Assiniboine,
watu arobaini wameshajipanga, nami nikajigusa pajani,
mguso wa kufukuza inzi, nikasema: unafaa.
Mzaha mzaha. Usaha ulikuja kweli,
wiki mbili za bandeji na taa za hospitali.

Mwaka wa tisa huu. Hajaniuliza hata siku moja.
Kila Jumamosi hunimiminia maji kabla ya wengine
nami huyanywa yote, kiu niwe nayo, nisiwe nayo.

Haya. Chukua huu wa klabu, wa kijivu, unaonuka soksi.
Wako tutaufungua wiki ijayo, mimi na wewe, kwa kisu kidogo.
Nenda.

*

Saa nne na nusu. Umande bado umeganda kwenye nyasi.
Anselm anakimbia kama ndama aliyekata kamba,
anapiga, anakosa, anacheka peke yake.
Kutoka nyuma Oksana Hrycak anampita, na ncha ya mkuki wake
inamgusa ubavuni, mwepesi, kama jani linaloanguka.
Oksana mwenyewe hakujua; alikuwa ameshamgeukia mwingine.
Mwamuzi alikuwa ameinama, anafunga kamba za kiatu.
Mimi niliona. Nikanyamaza.

Mvulana akasimama.
Akatazama kushoto, akatazama kulia,
kama mtu aliyeokota pochi njiani.
Halafu akainua ule upanga wa soksi juu ya kichwa
akatangaza, kwa sauti iliyokatika katikati,
"Nimekufa!"
akatoka uwanjani kwa miguu yake
mpaka kwenye kiti cha kukunja.

"Nani kakuua?" Réal akauliza, kikombe mkononi.

"Sikumwona," akasema Anselm.

Réal akacheka hadi maji yakamwagikia magotini.