Vitanzi Arobaini na Nane

Julai imetia baridi hadi kwenye vijiko.
Buruburu imejifunika wingu kama mtoto anayekwepa shule,
nami nimeketi chini ya taa, sindano mbili mkononi,
namfumia sweta Nduku, mjukuu asiyekaa kitako.
Vitanzi arobaini na nane kila mstari.
Ukikosea hesabu, mkono mmoja huwa wa mtoto
na wa pili wa askari.

Musembi anaongoza dunia kutoka kochi la kona.
Ana rimoti, ana chai, ana soksi zenye matundu.
"Hawa walipaswa kuketi mezani tangu mwezi wa tatu,"
anasema, akiielekezea kijiko ramani ya nchi
ambayo juzi hakujua iko ng'ambo gani ya bahari.
Chai haijapoa, ameshawapatanisha,
amechora mpaka, amewatoza faini wauza silaha.
Mfereji wa jikoni unadondoka: ta. Ta. Ta.
Huo hauna kikao. Umeahirishwa tangu Pasaka.

Ishirini na tatu, ishirini na nne,
"Mia tatu na kumi," anasoma binti wa habari,
sauti imepigwa pasi, haina mkunjo,
"mia tatu na kumi, wengi wao watoto."

Nimepoteza hesabu.
Narudi mwanzo wa mstari. Moja. Mbili.
Sijui mtoto wa huko huenea vitanzi vingapi kifuani.
Labda arobaini na nane.
Labda nyanya yake naye alikuwa amefika kwapani,
pale unapoanza kupunguza.

Jumatano nilishuka mjini, Barabara ya Biashara,
kutafuta uzi wa rangi ya ndani ya parachichi.
Bwana Hasmukh akanitajia bei,
nikamwuliza kama ananiuzia na kondoo wake.
Akacheka, akavua miwani.
"Mama, meli zinazunguka siku hizi.
Njia ya mkato ina moto."
Nikasimama na kibeti wazi
nikiziwaza meli zile, ndefu kama mitaa,
zinavyolizunguka bara zima
ili donge la uzi wa Nduku lipande shilingi arobaini.
Nilitaka sita. Nikanunua manne.
Ndiyo maana mikono itakuwa ya kijivu,
uzi wa sweta ya Kyalo niliyoifumua,
ile ya darasa la nne, yenye doa la wino lililogoma.

Kyalo mwenyewe analinda mlango wa duka la dhahabu, Doha.
Hupiga simu Jumapili.
Nikimwuliza kuhusu vita vya jirani, hunijibu kuhusu wali.
Nikimwuliza kuhusu wali, hunyamaza.
Basi siku hizi naulizia joto tu,
naye huulizia sweta ya bintiye imefika wapi.
"Imefika kwapani."
Tunacheka, kila mtu na lake.

Saa tatu usiku bomba la nje likakohoa:
ni siku yetu ya mgao.
Ua mzima ukatoka na mitungi, kanga juu ya makoti.
"Yako yanakuja na matope?" Mama Adhis akauliza ukutani.
"Yangu bado yanakuja na upepo."
Hakuna aliyetaja mia tatu na kumi.
Tulitaja bei ya gesi, tukamtaja mwenye nyumba,
tukarudi ndani na migongo yetu.

Sasa Musembi amelala, rimoti kifuani,
na dunia haina wa kuiongoza.
Nimezima sauti. Midomo inaendelea.
Mfereji umepata kazi hatimaye:
ta, kitanzi; ta, kitanzi;
unanihesabia vizuri kuliko mtu.
Arobaini na sita. Arobaini na saba.

Basi. Nimeishia hapo.
Natafuta kilichopotea, nakuta kitundu mistari mitatu nyuma,
kinanitazama kama jicho.
Ningeweza kufumua. Usiku bado mrefu.
Nimekiacha.
Namjua Nduku: atapitisha kidole hapo
na kuniuliza ni nani alitoboa.